Wachukuzi wa Vitabu wa Kentucky

Msomaji kijana, neno "kibarua" umelisikia tangu utotoni. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili siku zake zihesabiwe. Pengine wadhani kwamba vibarua hupatikana bandarini na mashambani tu. La, hata nyumba za elimu huwa nao, na habari za baadhi yao zafaa kusimuliwa.

Mwaka wa 1929 Marekani ilipatwa na msiba mkubwa wa uchumi. Huko mashariki ya jimbo la Kentucky, katika nchi ya milima, machimbo ya makaa ya mawe yaliwaachisha watu kazi, na jamaa nyingi zikakosa chakula, sembuse vitabu. Mwaka wa 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaunda idara ya kuwapa kazi wasio na kazi, iliyojulikana kwa herufi WPA. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupeleka vitabu milimani juu ya farasi na nyumbu, yaani wale wazaliwa wa punda na farasi.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake hasa, na wengi wao ndio waliolisha nyumba zao. Walifuata vijito kwa kuwa barabara hazikuwapo. Wakati wa baridi walivuka maji ya barafu, na palipokuwa na mwinuko mkali walishuka wakamwongoza mnyama kwa miguu. Wengine walikwenda hata maili 100 kwa juma. Walipomkuta asiyejua kusoma, walimsomea. Magazeti yaliyochakaa hawakuyatupa, bali waliyakata, wakayabandika na kuyafanya vitabu vipya, pamoja na maelezo ya mapishi na ushonaji waliyopewa na akina mama wa milimani.

Je, malipo yao yalikuwaje? Kila mmoja alipata dola 28 kwa mwezi, yaani pungufu ya dola moja kwa siku. Tena mnyama hakuwa wa serikali. Mchukuzi alikuja na wake, au alimkodi kwa ujira ule ule mdogo, na kumlisha kulikuwa juu yake. Serikali ililipa mishahara tu. Vitabu vilitoka kwa wahisani, na chumba cha kuviweka kilitolewa na wenyeji. Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Hapa mzigo ulifika kweli, lakini hasara ya punda ilikuwa ya mchukuzi.

Mtu aweza kuniambia, "Je, si afadhali dola 28 kuliko njaa?" Naam, ni afadhali, na idara ile iliokoa jamaa nyingi. Lakini kazi iliyoanzishwa kwa sababu ya shida hudumu muda wa shida tu. Vita Vikuu vya Pili vilipoleta kazi tele viwandani, WPA ilifungwa mwaka wa 1943, na wachukuzi wa vitabu wakakoma pamoja nayo. Hapo hapakupotea mishahara peke yake. Ulipotea pia ujuzi wa miaka minane: nani apenda hadithi za safari, mzee gani ana macho mabovu, mtoto gani amekimaliza kitabu chake na anangoja kingine. Ujuzi huo haukuandikwa katika daftari yoyote. Ulikaa kichwani mwa mwanamke ambaye sasa hakuwa na kazi. Magari ya maktaba yalikuja kuenea katika milima ile miaka ya 1950, baada ya watoto wengi kuwa wamekwisha kukua.

Hapa kwetu, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa mwaka wa 1996. Tunapouona msafara kama huo twastaajabia ngamia, twahesabu vitabu, na ni nadra kumtazama yule aliyeshika kamba. Basi, siku utakapoingia maktaba yoyote, uliza kuna vitabu vingapi, kisha uliza na swali la pili: huyu anayenipa kitabu, mwakani atakuwapo? Ikiwa hakuna awezaye kukujibu, ujue kwamba maktaba hiyo nayo ni kibarua.