Pua si Mizani

Msomaji kijana, ukipata kusimama ukingoni mwa kreta ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, asubuhi yenye baridi, huenda ukaona mvuke mweupe ukipanda kutoka katika mawe meusi. Macho huuona mvuke huo, na ngozi husikia joto lake. Lakini ndani ya mvuke wa ardhi, na ndani ya moshi wa mitambo, mna vitu ambavyo macho hayavioni na pua haivitambui. Historia nitakayokusimulia ni ya namna wanadamu walivyojifunza kuvipima vitu hivyo. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa roho za watu.

Katika karne ya 19 wachimbaji wengi wa makaa ya mawe nchini Uingereza walikufa milipuko ilipotokea chini ya ardhi. Ilidhaniwa kuwa waliuawa na kishindo na moto. Mwaka 1896 mtaalamu John Scott Haldane alieleza katika taarifa yake kuwa wengi wao waliuawa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzaliwa moto unapokosa hewa ya kutosha. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu hukosa pumzi huku anapumua. Haldane alikuwa amekwisha kuivuta yeye mwenyewe ili ajue dalili zake. Akashauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, kwa sababu hao hupumua upesi na kuzidiwa kabla ya mtu. Hivyo ndege aitwaye kanari akawa mlinzi wa migodi, hata ilipofika mwaka 1986 Uingereza ikaazimia kumpumzisha na kutumia vyombo vya umeme badala yake.

Sasa turudi kwetu katika Bonde la Ufa. Mwaka 1956 visima viwili vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha. Kazi haikufanikiwa wakati ule, ikaachwa, ikashikwa tena katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wenye nguvu ya megawati 15, ulianza kutoa umeme. Pamoja na mvuke zilipanda gesi, na mojawapo ni hidrojeni salfidi, inukayo kama yai viza. Mtu aweza kusema, "Basi hatari yake hujitangaza yenyewe." La, hasha. Gesi hiyo ikifikia kiasi cha sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa, pua hulemewa na kuacha kunusa. Aliye salama na aliye karibu na kifo wote wawili husema, "Sisikii harufu." Ndiyo sababu penye visima vya mvuke hewa hupimwa kwa vyombo.

Kadhalika ziko injini ziendeshwazo kwa gesi. Katika miaka ya 2010, katika Gorge Farm karibu na Naivasha, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na mabaki ya mazao. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, kama ilivyo gesi asilia iendeshayo jenereta za nyumbani katika nchi nyingine. Methani husifiwa kwa usafi, na kwa kweli masizi yake ni machache kuliko ya dizeli. Hata hivyo, ikikosa hewa ya kutosha, huzaa kaboni monoksidi. Na ikiungua kwa joto kali mno, huzaa oksidi za naitrojeni, ziumizazo mapafu.

Kwa hiyo mpimaji huingiza kijiti cha chombo chake ndani ya bomba la moshi, akasoma kiasi cha oksijeni na cha gesi hizo. Hupima injini ikiwa kazini, kwa maana pumzi ya hamali asiye na mzigo haikuambii atahemaje akipanda mlima. Na chombo chenyewe hujaribiwa kwanza kwa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana, kama mizani ya dukani ijaribiwavyo kwa jiwe la kilo moja. Kenya ilitunga sheria kuu ya mazingira mwaka 1999, na kanuni za usafi wa hewa zikafuata mwaka 2014.

Lakini sheria hailali chumbani mwako. Umeme ukatikapo usiku, mtu huogopa mvua au wezi, akaiingiza jenereta ndani, au akaiweka chini ya dirisha. Mwingine huingiza jiko la makaa chumbani kwa sababu ya baridi, akafunga mlango. Kichwa humuuma, kizunguzungu humshika, naye hudhani ni uchovu. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata injini iliyopimwa ikasifiwa haina ruhusa ya kuunguruma ndani ya nyumba; mahali pake ni nje, mbali na milango na madirisha.

Haldane alitumia mwili wake mwenyewe ili sisi tusilazimike kutumia yetu. Ukiwaona watu wa nyumbani kwenu wakiliingiza jiko ndani, waambie kwa adabu habari hii, kisha ulitoe nje wewe mwenyewe.