Kutoka Ua wa Kabaka hadi Chumba cha Mtihani: Historia ya Kuingia Kazi ya Serikali Uganda na Somo Lake kwa Anayeanza

Utangulizi

Mwaka jana dada yangu alirudi nyumbani jioni kutoka kwenye mtihani wa kazi ya wilaya. Aliweka bahasha ya vyeti mezani, akavua viatu, akasema, “Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, na nimeshindwa na asilimia.” Baba alimjibu bila kuinua macho, “Usijilaumu, mwanangu. Mtihani ni wa kuonyesha watu tu. Kazi huwa imeshagawiwa.”

Kauli hizo mbili nimezibeba tangu siku hiyo. Dada aliamini kwamba mtihani ulimpima na kumkuta amepungua. Baba aliamini kwamba mtihani haukupima chochote. Wengi wetu tunaomaliza shahada mwaka huu tumesimama katikati ya kauli hizo, na jibu tunalochagua ndilo linaloamua kama tutajiandaa au tutakaa tukisubiri mjomba apige simu. Insha hii inajadili mtihani wa kazi ya serikali Uganda umetokana na nini, kisha inaeleza anayeanza ajiandae vipi. Hoja yangu ni kwamba kila zama ilikuwa na kipimo chake cha kumwingiza mtu kazini, na aliyefahamu kipimo cha zama zake ndiye aliyeingia.

Ua na kalamu

Kabla ya ukoloni, Buganda ilikuwa na utawala wenye ngazi nyingi, na mlango mmoja mkubwa wa kuuingia ulikuwa ua wa Kabaka. Koo na machifu walipeleka vijana wao wakatumike huko kama bagalagala. Kijana alipimwa kwa utii, wepesi wa kusikia na uwezo wa kutunza siri. Baada ya miaka ya kutumwa, aliyependeza aliweza kupewa ardhi na cheo. Hapakuwa na karatasi, lakini kupimwa kulikuwapo kila siku.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 kipimo kipya kiliingia. Wafanyabiashara kutoka pwani walileta Uislamu, maandishi ya Kiarabu na Kiswahili, na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe alijifunza lugha hizo. Stanley alipopita Buganda mwaka 1875, alimwacha kijana mmoja aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, Dallington Maftaa, ambaye alibaki akisoma na kuandika kwa Kiswahili katika ua wa Kabaka. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, na masomo ya mwanzo yalitegemea sana Kiswahili kabla Kiganda hakijapata vitabu vyake. Hapo kalamu ikaanza kuwa na nguvu. Kufikia Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uongozi wa Buganda ulikuwa mikononi mwa kizazi cha wasomaji.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao huulizwa kila likizo “utafanya kazi gani na lugha hiyo?”, tuna jambo la kukumbuka hapa. Miongoni mwa makarani wa mwanzo kabisa wa ua wa Kabaka alikuwamo mtu aliyepata nafasi kwa sababu ya Kiswahili.

Zama za cheti

Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, wakalimani, wahudumu wa afya na mafundi. Shule zilifunguliwa ili kuwapata: Namilyango mwaka 1902, Budo mwaka 1906, na Makerere mwaka 1922, iliyoanza na wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa muda mrefu nafasi nyingi za karani zilikuwa za Wagoa na Wahindi wengine, na nafasi za juu zilikuwa za Waingereza. Mwafrika aliyefaulu alipata cheti, na cheti kilimfikisha hadi ngazi fulani tu.

Ubaguzi huo ulionekana hata kwenye mshahara. Tume ya Holmes ya mwaka 1947 na 1948 iliendeleza utaratibu wa kumlipa Mwafrika tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyopendekeza utaratibu huo ukomeshwe.

Je, Waingereza wenyewe waliingiaje? Mtihani wa ushindani wa kazi ya serikali ulianza zamani sana huko Uchina, ukadumu hadi ulipofutwa mwaka 1905. Uingereza iliuchukua wazo hilo baada ya ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, iliyolalamika kwamba kazi za serikali hugawiwa kwa upendeleo. Kuanzia mwaka 1855 waliotaka kutawala India walishindana kwa mtihani mjini London, na mwaka 1863 Satyendranath Tagore akawa Mhindi wa kwanza kuufaulu.

Lakini kwa makoloni ya Afrika utaratibu ulikuwa tofauti. Kijana wa Kiingereza aliyetaka kuwa ofisa tawala Uganda au Tanganyika hakushindana kwa mtihani wa aina hiyo. Alisailiwa, akatazamwa tabia, shule aliyosoma na nani anamdhamini. Mtihani ulimngoja baadaye, alipokwisha kufika: sheria na lugha ya wenyeji. Kwa maneno mengine, kujuana anakolalamikia baba yangu hakukuzaliwa juzi. Kulikuja na meli, kumevaa suti.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya mvutano huo. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga, akihofia hadhi ya Kiganda na ya Buganda yenyewe. Kiswahili kikabaki lugha ya jeshi na polisi, na jina hilo la kambini likakiganda hadi leo. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1952 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapahapa Makerere, kabla ya kuondoka miaka kumi baadaye.

Uhuru, hofu na upungufu wa nafasi

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Oktoba 1962, Katiba iliweka Tume ya Utumishi wa Umma. Wazungu walikuwa wakiondoka, wahitimu walikuwa wachache, na shahada ya Makerere ilitosha kumfungulia mtu mlango. Wazee wetu wakisimulia kwamba walitafutwa na kazi badala ya kuitafuta, wanazisema zama hizo. Ushauri wao, “soma tu, kazi itakuja,” ni ushauri wa kweli uliozeeka.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, sifa ya mtu haikumlinda tena. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa kwa siku 90. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka na Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere Frank Kalimuzo, aliyewahi kuwa mtumishi mwandamizi wa serikali, walichukuliwa wakauawa. Wasomi wengi walikimbia nchi. Nadhani mashaka ya baba yangu yana mizizi hapo: alikulia katika nchi ambamo cheo kilipatikana na kupotea bila kufuata karatasi yoyote.

Zama zetu zilianza miaka ya 1990. Serikali ilipitia upya utumishi wake na kupunguza watu. Watumishi waliokadiriwa kuwa 320,000 mwaka 1990 walipunguzwa hadi karibu nusu katika miaka michache. Wakati huohuo vyuo vikuu viliongezeka: Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale mwaka 1988, Mbarara mwaka 1989, Gulu mwaka 2002, Kyambogo mwaka 2003, Busitema mwaka 2007, bila kuhesabu vya binafsi. Makerere nayo ilifungua milango kwa wanaojilipia ada. Nafasi zilipungua na wenye shahada wakaongezeka.

Hapo ndipo mtihani ulipopata kazi. Waombaji mia tatu wakileta shahada inayofanana kwa nafasi mbili, shahada haiwezi tena kuwatenganisha. Katiba ya mwaka 1995, Ibara ya 165, iliweka Tume ya Utumishi wa Umma, na Ibara ya 166 ikaitaka iwe huru katika kazi zake. Ibara ya 198 ikaweka tume za utumishi za wilaya. Wilaya zilikuwa 33 mwaka 1986. Leo ni 135, mbali na Jiji la Kampala. Kila moja inaajiri, na kila moja inahitaji njia ya kuchuja ambayo inaweza kuitetea mbele ya aliyekosa. Tanzania nayo imefika palepale: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huanza na usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya ule wa mahojiano.

Anayeanza ajiandae vipi?

Kwanza, asome tangazo kama tunavyosoma hati ya kihistoria: nani anasema, anataka nini, kwa tarehe gani. Tangazo hutaja ngazi ya mshahara (mhitimu wa shahada kwa kawaida huanzia U4), sifa, majukumu na namna ya kuomba. Wengi huanguka hapa, kabla ya swali la kwanza. Jina la kwenye kitambulisho cha taifa halilingani na la kwenye cheti, nakala hazijathibitishwa, au sehemu ya fomu imeachwa wazi. Aidha, majukumu yaliyotajwa ndiyo chimbuko la maswali ya usaili.

Pili, arudi kwenye hesabu. Mtihani wa kupima uwezo hupenda asilimia, uwiano, wastani na kusoma majedwali. Sisi wa lugha na historia tuliziaga hesabu kidato cha nne na kushangilia. Dada yangu alikaa dakika kumi kwenye swali moja la asilimia kwa sababu aliona aibu kuliruka. Alipoamua kujaribu tena, alichukua kitabu cha hesabu cha darasa la saba cha mdogo wetu, akafanya maswali ishirini kila usiku huku simu ikihesabu dakika. Mwanzoni mdogo wetu alimcheka. Baada ya mwezi akawa ndiye msahihishaji wake.

Tatu, ajifunze kuruka swali na kulirudia. Mtihani huu ni wa muda kuliko wa maarifa. Anayejibu maswali 40 rahisi humpita aliyepigana na matano magumu. Hilo halifundishwi darasani kwetu, ambako tumezoea insha mbili kwa saa tatu.

Nne, asome serikali yenyewe. Sura ya Kumi ya Katiba inahusu utumishi wa umma na Sura ya Kumi na Moja inahusu serikali za mitaa. Aongeze Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, kanuni za maadili ya watumishi, mpango wa taifa wa maendeleo unaotumika na hotuba ya bajeti ya mwaka. Anayeomba kazi ya wilaya bila kujua tofauti ya mwenyekiti wa wilaya na ofisa mtendaji mkuu wake amekwenda sokoni bila kikapu.

Tano, tusijidanganye kuhusu lugha. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili afanye mazoezi ya kufupisha barua na ripoti kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Lakini pia asikifiche Kiswahili chake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Shule zitahitaji walimu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inahitaji wakalimani.

Sita, asome na wenzake. Watu wanne wakitungiana maswali na kusailiana kwa zamu, mmoja akikaa kwenye kiti na watatu wakijifanya jopo, watagundua nani huongea akitazama sakafu. Ni bora kugundua hilo hosteli kuliko mbele ya tume.

Mwisho, aepuke karatasi za kununua. Mtaani hakukosi mtu mwenye “mtihani wenyewe” au “namba ya mkubwa”. Dada yangu alipigiwa simu na mtu asiyemfahamu akitakiwa atume pesa ili jina lake liingizwe. Hakutuma. Kudai hongo ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, na anayelipa naye ametenda kosa.

Hitimisho

Je, baba alikuwa na haki? Kwa kiasi. Historia inaonyesha kwamba upendeleo ulikuwapo katika ua, ukawapo katika ofisi za wakoloni, na hakuna anayeweza kuapa kwamba leo umekwisha. Lakini historia hiyohiyo inaonyesha kwamba mtihani ulibuniwa kuwa dawa ya ugonjwa huo. Dawa inaweza kuchakachuliwa, lakini hiyo si sababu ya maskini kuitupa, kwa kuwa yeye hana nyingine. Mtoto wa mkubwa anaweza kuingia bila mtihani. Mtoto wa mwenye duka dogo kama baba yangu hawezi.

Mara ya pili dada alifaulu sehemu ya kuandika, akaitwa kwenye usaili. Hakupata nafasi, alizidiwa na mwingine. Safari hii hakuweka bahasha mezani kwa kishindo. Aliitundika ukutani, akamwambia mdogo wetu asikirudishe kitabu cha hesabu shuleni bado. Baba alisikia, hakusema kitu. Kesho yake alileta kalamu mbili mpya kutoka dukani.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tutakaoingia majini mwaka huu, tuingie tukiwa tumeuliza waliotangulia, na tumefanya mazoezi ya kuogelea.