Ugonjwa wa Gharama, au Gharama za Kuvutwa?

Kwarteti ya nyuzi ni kazi ya watu wanne: wawili wa fidla, mmoja wa viola, mmoja wa chelo. Kwarteti namba 14 ya Franz Schubert, aliyoitunga Vienna mwaka 1824, huchukua kiasi cha dakika 40. Watu wanne kwa dakika 40 ni dakika 160 za kazi. Ndivyo ilivyokuwa Schubert alipokuwa hai, na ndivyo ilivyo leo. Mashine zimeingia katika kila kiwanda, lakini dakika hizo 160 hazijapungua hata moja. Ukiwaamuru watatu waipige kwa nusu saa, watakachopiga si kwarteti ile tena.

Juu ya jambo hilo, ambalo kila mpiga fidla analijua, wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, William Baumol na William Bowen, walijenga moja ya hoja zenye nguvu katika uchumi wa karne iliyopita. Kitabu chao, "Performing Arts: The Economic Dilemma", kilitoka mwaka 1966. Swali lao lilikuwa la kawaida: kwa nini okestra, nyumba za opera na kumbi za tamthilia za Marekani zinaishiwa fedha kila mara, hata zinapojaza watu? Jibu lao likaja kupewa jina ambalo wanafunzi wa uchumi wanalikariri hadi sasa, "cost disease", yaani, neno kwa neno, ugonjwa wa gharama.

Kabla ya kulipima jina, tuifuate hoja yenyewe, na ufunguo wake ni neno tulilonalo tayari: tija. Wakulima wetu wamelisikia mno kwenye mikutano, hata wengine wanalichukulia kuwa namna nyingine tu ya kusema "faida". Sivyo. Tija ya kazi ni kiasi cha bidhaa au huduma kinachotoka katika saa moja ya kazi ya mtu mmoja. Unaweza kuwa na tija kubwa usipate faida, na unaweza kupata faida bila tija kuongezeka.

Tuseme fundi kiwandani hushona mashati 10 kwa siku. Inaletwa mashine bora, anashona 20. Mwenye kiwanda anaweza kumwongezea mshahara maradufu bila kupandisha bei ya shati, kwa kuwa kila shati bado limebeba gharama ileile ya kazi. Sasa mtazame mpiga fidla wa mji huohuo. Tija yake haikuongezeka, na haiwezi kuongezeka. Lakini mshahara wake ukibaki palepale huku wa fundi ukipanda, kijana mwenye kipaji ataiweka fidla chini aende kiwandani. Okestra ikitaka wapigaji italazimika kuwalipa kiasi kisichoachwa mbali mno na kile wanachoweza kupata kwingine. Mshahara unapanda, dakika ni zilezile 160, kwa hiyo gharama ya onyesho inapanda. Hakuna aliyezembea wala aliyeiba, na wapigaji hawakudai zaidi ya haki yao. Gharama imepanda kwa sababu mahali pengine mambo yamekwenda vizuri.

Baumol na Bowen hawakuishia kwenye mfano. Walichimba hesabu za ukumbi wa Drury Lane wa London kwa msimu wa 1771 hadi 1772, wakazilinganisha na za Royal Shakespeare Theatre kwa msimu wa 1963 hadi 1964. Gharama ya onyesho moja ilikuwa imepanda mara 13.6, ilhali bei kwa ujumla nchini Uingereza zilikuwa zimepanda mara 6.2. Kwa New York Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, walikuta gharama ya tamasha moja imekua kwa wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka kwa zaidi ya karne moja, wakati bei za vitu vingine zilikua kwa asilimia moja. Asilimia moja na nusu huonekana kitu kidogo. Ikusanye kwa miaka 120, utaona kwa nini mfuko wa okestra hautoshi.

Tukirudi kwenye jina, ndipo nisipokubaliana na tafsiri ya neno kwa neno. "Ugonjwa wa gharama" ni Kiswahili fasaha, lakini linampeleka msomaji pasipo. Ugonjwa kwetu una mgonjwa, una chanzo ndani ya mwili wake, una mganga na una dawa. Msomaji akisikia okestra ina ugonjwa ataanza kuikagua okestra: labda wapigaji ni wengi mno, labda mkurugenzi hajui kazi. Ataagiza dawa, na dawa inayoagizwa mara kwa mara ni kupunguza watu. Hoja nzima ya Baumol inasema kinyume chake. Kinachoipandishia okestra gharama ni afya ya viwanda vya jirani. Hata Kiingereza kimejikwaa hapo, ndiyo maana wachumi wengi siku hizi husema "Baumol effect", ambayo tungeiita athari ya Baumol. Jina hilo halimsingizii mtu, ila halimfundishi mtu kitu.

Nimewahi kusikia pia "mfumuko wa gharama". Hilo nalikataa kabisa. Mfumuko wa bei ni bei zote kupanda kwa pamoja kwa sababu thamani ya fedha imeshuka. Hapa tunazungumzia bei za baadhi ya huduma kupanda kuliko za vitu vingine, jambo linaloweza kutokea hata mahali ambapo mfumuko wa bei ni sifuri.

Pendekezo langu ni "gharama za kuvutwa". Nalipenda kwa sababu ya kauli yake: kitu kinachovutwa kina kinachokivuta, na msomaji anauliza papo hapo, zimevutwa na nini? Swali hilo ndilo Baumol alitaka liulizwe. Istilahi hii inatutatulia na tatizo la pili. Baumol aligawa shughuli za uchumi makundi mawili, yale ambayo tija yake hukua haraka na yale ambayo tija yake hukaa palepale, na haya ya pili akayaita kwa neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri kwa "kudumaa". Kwetu anayedumaa ni mtoto asiyepata lishe. Siwezi kusema kwamba mkunga, mwalimu wa darasa la kwanza au mpiga chelo yumo katika "sekta iliyodumaa". Tukisema sekta inayovuta na sekta inayovutwa, maana imekaa na heshima ya watu imebaki.

Neno likikaa sawa, mambo mengi ya nje ya ukumbi wa muziki huelezeka. Kinyozi wa Zurich hunyoa kichwa kimoja kwa muda uleule anaotumia kinyozi wa Kariakoo, na mkasi wake haukati upesi zaidi. Lakini malipo yake kwa kichwa kimoja ni mara nyingi zaidi. Jamaa zetu walioko Ulaya wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wengi hununua mashine wakanyoana nyumbani. Kinyozi wa Zurich anavutwa na viwanda vya dawa, mabenki na watengeneza mitambo wanaomzunguka. Kama asingelipwa kwa kukaribiana nao asingekaa kwenye kazi ya kunyoa.

Mwaka 1967 Baumol aliipeleka hoja hiyo kwenye huduma za miji: shule, hospitali, polisi. Mwalimu akiongezewa wanafunzi kutoka 40 hadi 80 tija yake kwenye karatasi imepanda maradufu, lakini kila mzazi anajua kilichopungua. Mkunga hawezi kuuharakisha uchungu. Muuguzi anaweza kupewa kompyuta ya kuandikia kumbukumbu, na huo ni msaada wa kweli, ila kumgeuza mgonjwa kitandani kunataka mikono ileile na muda uleule. Mwaka 2012, akiwa na miaka 90, Baumol alichapisha kitabu kingine kuhusu jambo hilihili, na humo akasisitiza jambo ambalo neno "ugonjwa" lilikuwa limelificha kwa muda mrefu: jamii ambayo tija yake inakua ina uwezo wa kulipia elimu, tiba na muziki, hata kama bei zake zinapanda, kwa sababu vitu vingine vyote vinahitaji kazi pungufu. Anayesema "hatuwezi tena kuvimudu" anasoma nusu ya hesabu.

Wapo waliopinga. Mchumi Tyler Cowen aliandika mwaka 1996 kwamba haamini kuwa sanaa imefungwa kiasi hicho. Kuna santuri, redio na kanda. Wapigaji wanne wakirekodi mara moja, watu milioni wanasikia. Ni hoja nzito, na hata kabla ya santuri kumbi zilikuwa zikikua: mtunzi Haydn alipofika London mwaka 1791 alipigia mamia ya watu, na Carnegie Hall ya New York iliyofunguliwa miaka 100 baadaye ina viti takriban 2,800. Lakini fidla ina mwisho wa sauti yake, na rekodi haiondoi haja ya mpigaji kufanya mazoezi miaka 15 kabla hajafaa kurekodiwa. Naona Cowen amepunguza ukali wa hoja bila kuivunja.

Kwa Zanzibar mvuto huu una sura yake. Vikundi vya taarab asilia, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanza mwaka 1905, vimesimama juu ya safu ya fidla, udi, kanuni, nai, besi na ngoma. Ni klabu za wanachama. Wengi wao wana kazi nyingine, na mazoezi ya jioni hayana mshahara wa kupandishwa. Basi kinachovutwa ni saa zenyewe. Saa inayokwenda kwenye mazoezi ni saa isiyokwenda dukani, kwenye teksi au hotelini, na kadiri saa hizo nyingine zinavyolipa zaidi ndivyo ile ya mazoezi inavyokuwa ghali kwa mwanachama, ingawa hakuna risiti inayoandikwa. Kinanda cha umeme kilipochukua nafasi ya safu ya fidla katika taarab ya kisasa, ladha za wasikilizaji zilichangia, tena sana. Lakini kinanda kimoja hakihitaji watu saba wakubaliane siku ya mazoezi.

Istilahi yoyote nzuri hubeba hatari ya kutumiwa kufunika mambo, na hii isitumiwe hivyo. Gharama inayopanda kwa ubadhirifu haikuvutwa. Okestra ya Philadelphia, moja ya zinazoheshimiwa kuliko zote duniani, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Aprili 2011, na katika mzigo wake kulikuwa na madeni ya pensheni, jambo ambalo Schubert na dakika zake hawahusiki nalo. Mchumi Robert Flanagan, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu maisha ya mashaka ya okestra za Marekani, aliitambua hoja ya Baumol, kisha akaonyesha kwamba kwa kipindi kirefu mishahara ya wapigaji wa okestra hizo ilipanda kwa kasi kuliko ya wafanyakazi wengine wengi. Sehemu ya mshahara iliyowafuata wengine ndiyo iliyovutwa. Sehemu iliyowapita ilipatikana mezani, kati ya chama cha wanamuziki na bodi, na hiyo tuiite kwa jina lake: mapatano ya mishahara.