Jiwe la Mugere na Chemchemi ya Kasumo

Mgeni afikapo Burundi aghalabu huwa ameletwa na majina mawili: Stanley na mto Naili. Basi hupelekwa Mugere, kama kilomita 10 hivi kusini mwa Bujumbura, akaonyeshwa jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kisha hupandishwa hadi Rutovu, upande wa Bururi, akaonyeshwa chemchemi ya Kasumo. Pote pawili huuliza swali lile lile: "Ni hivi tu?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi, kwa kuwa sisi walimu wa Kiswahili ndio tuitwao kuwa wakalimani. Halikunikera mpaka siku niliyofuatana na wanafunzi wangu, na mmoja wao, mzaliwa wa kilima cha jirani, akamjibu mgeni mbele yangu: "Kweli, Bwana, hapa hapana kitu." Alisema kwa Kiswahili safi, nisipate hata kosa la sarufi la kumsahihisha.

Tuanze na jiwe. Wengi hudhani kuwa hapo ndipo Wazungu wale wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakafuata pwani ya Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kuelekea kaskazini, ili wajue kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Kama ungalikuwa unatoka, huenda ungalikuwa mwanzo wa Naili. Mugere walilala siku mbili tu. Siku chache baadaye walifika kwenye mlango wa Rusizi, wakaona maji yanaingia ziwani, na tumaini lile likafa. Mgeni akielezwa kwamba jiwe hilo liko katika njia ya watu waliokwenda mbali kupata jibu la "hapana", hulitazama mara ya pili.

Kasumo ni maji membamba yatokayo ubavuni mwa kilima. Juu yake ipo piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938, baada ya Mjerumani Burkhart Waldecker kuitambua chemchemi hiyo kuwa ya kusini kabisa katika zote za Naili. Maji yake huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, hadi Ziwa Viktoria. Ndugu zetu wa Rwanda nao wana Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Ubishi wa ipi iliyo mbali zaidi nawaachia wenye kamba za kupimia. Lililo wazi ni kwamba safu hii ya milima huigawa mvua. Tone liangukalo mashariki huenda Misri. Liangukalo magharibi hushuka Tanganyika, likapitia Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo hizo bado ni habari za maji, na mwanafunzi wangu alikuwa amekosea neno la nchi kavu. Katika kamusi zetu kilima ni mlima mdogo, basi. Kwa Kirundi umusozi ni zaidi ya hapo. Warundi wa zamani hawakukaa katika vijiji. Kila mji wa mtu ulisimama peke yake ubavuni mwa kilima, umezungukwa na migomba yake, na chini bondeni palilimwa wakati wa kiangazi. Mtu aulizwapo atokako hutaja kilima chake. Ugomvi wa mipaka uliamuliwa na bashingantahe, wazee wa kilima walioaminiwa. Hata serikali haikupata mgawanyo mdogo unaofaa kuliko huo: mwaka 2005 wananchi walipiga kura kuchagua mabaraza ya vilima. Asemaye kwamba kilimani hapana kitu amesema kwamba kwao hapana watu.

Tangu siku hiyo, kabla ya ziara, kila mwanafunzi wangu huandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja: ni miji ya nani ionekanayo, njia ile huenda wapi, maji huchotwa wapi, bonde lile hulima nani. Baadhi huandika ovyo. Yule kijana aliandika kurasa tatu.

Mwaka uliofuata tulirudi Kasumo na mgeni mwingine. Swali likaja kama kawaida. Kijana akaelekeza kidole ng'ambo ya bonde, akaanza na jina la babu yake. Alikuwa bado hajafika kwa baba yake, dereva akapiga honi.