Kijiji cha Wamaasai: Kile Mgeni Anaona na Kile Haoni

Wengi wetu tunawajua Wamaasai kwa picha tu: kijana mrefu, nguo nyekundu, fimbo mkononi. Siku tulipofika Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, tuliingia katika boma lao moja pamoja na watalii wengine.

Mlangoni mtu analipa kwanza. Kisha vijana wanaruka juu, wamama wanaimba na shanga zinacheza shingoni. Kijana mmoja alituonyesha namna ya kuwasha moto kwa kuzungusha kijiti juu ya ubao. Halafu tukainama kuingia nyumbani: fito, udongo na mavi ya ngombe, giza na moshi. Tukamuuliza nani amejenga. "Mama," akajibu. Kwao kujenga nyumba ni kazi ya mwanamke. Nyumba zinazunguka uwanja, na nje kuko ua wa miiba. Usiku ngombe wanalala katikati, kwa kuogopa simba. Wao wenyewe wanauita mji kama huo enkang. Kule Kenya watalii wanasema paka "manyatta", lakini jina hilo kwa kweli ni la kijiji cha moran, vijana walinzi.

Ile nguo nyekundu nayo ilikuja kwa biashara. Zamani walivaa ngozi. Shanga za kioo zilipita baharini kutoka Ulaya. Hiyo haina uongo: mila inatembea, na Wamaasai wameifanya yao.

Wenzetu walipiga picha, walinunua shanga, wakarudi katika motokari. Sisi tukabaki na swali: watu hawa wako hapa tangu lini, na juu ya nini wanauza ngoma yao?

Jibu liko katika historia. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza ilifanya Serengeti kuwa parke. Mwaka 1958 wazee kadhaa walitia sahihi mapatano ya kutoka humo, na mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa iwe mahali ambapo watu, ngombe na nyama za pori wangeishi pamoja. Lakini mwaka 1975 kulima kulikatazwa, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009. Mtu asiyeruhusiwa kulima, na malisho yake yanapungua, atakula nini? Hapo ndipo tulielewa ule mlango wa malipo: feza za mgeni zinajaza pale maziwa yanapokosa.

Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali inasema wanakwenda kwa hiari. Wengi wa wenyeji wanakataa, wanasema wanasukumwa.

Sisi wa Kivu hatuwezi kusikiliza hadithi hiyo kama wageni. Mwaka 1925 Wabelgiji waliweka hapa kwetu Parke Albert, ile ya kwanza katika Afrika, ambayo leo tunaiita Virunga. Huku pia watu waliondolewa katika mashamba ya wazee wao, na maneno hayo hayajaisha.

Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tukifika kwa Wamaasai, tulipe, tucheze nao, lakini tuulize pia walitoka wapi. Mgeni anayeangalia bila kuuliza anarudi na picha tu, na mwenyeji wake hajapona.