Bustani ya Kipupwe: Habari za Mlau wa Rufiji

Katika nchi za baridi kama Uingereza, mwenye bustani ya mboga huanza mwaka wake kwa kungoja. Baridi kali ya usiku huua mche mchanga, na ardhi ikiganda jembe halipiti. Basi hana budi kukaa hata jua lirudi na udongo upate joto, ndipo atie mbegu. Kwetu pwani ardhi haigandi, lakini yuko mkulima mwingine ambaye naye hungoja, na kungoja kwake ndiko elimu yake. Huyo ni Mrufiji. Yule hungoja baridi iondoke. Huyu hungoja maji yaondoke, kisha hupanda katika kipupwe, miezi ya baridi yetu. Kilimo hicho huitwa mlau, na habari zake zafaa kujulikana.

Mto Rufiji huzaliwa Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha hupokea Ruaha Mkuu, hupita katika korongo la Stiegler, na kushuka bondeni kupita Utete. Mwisho hugawanyika katika mikono mingi yenye misitu ya mikoko, mpaka baharini mkabala wa Mafia. Masika yanapokuwa makubwa mto hupita kingo zake, na mara nyingi kilele cha gharika ni mwezi wa Aprili. Maji yakirudi mtoni huacha tope jipya, lenye rutuba na unyevu wa kutosha miezi kadhaa. Tope hilo ndilo mbolea ya Mrufiji, na unyevu huo ndio mvua yake.

Kazi ya mlau ni ya kufuata maji nyuma. Mahali palipoinuka hukauka kwanza, napo hupandwa kwanza. Juma la pili mkulima hushuka hatua chache, na la tatu tena. Hutoboa tundu mpaka kwenye udongo wenye majimaji, akatia mahindi, na kati yake kunde na maboga. Majani ya maboga hutanda chini na kuukinga udongo na jua; majani machanga ya maboga na ya kunde huchumwa yakawa mboga, mahindi yakiwa bado shambani. Akipanda mapema mno, maji yaweza kurudi yakaoza mbegu. Akichelewa, udongo hupasuka nyufa na mizizi haifikii unyevu. Basi siku ya kupanda haiandikwi katika kalenda. Mto ndio huitangaza.

Gharika ile ile inayoharibu mpunga ndiyo inayonywesha mlau. Mpunga ukizama, mtu hutazama ardhi inayofunuka na kujua kwamba njaa yaweza kuzuiwa. Kwa mashamba haya mawili bonde lilijilisha, na katika karne ya 19 likauza nafaka hata Unguja.

Sasa tazameni mambo yaliyotokea watu wa mbali walipoishika kalenda hiyo. Mwaka 1902 Serikali ya Wadachi, chini ya Gavana von Götzen, ilianza kuwalazimisha watu wa kusini mwa pwani kulima mashamba ya pamoja ya pamba. Maakida na majumbe walisimamia kazi, na malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Lakini dhara halikuwa la fedha tu. Siku zilizotakiwa na pamba zilikuwa siku za chakula, na siku ya shamba ikipita hairudi. Watu wakaanza kwenda Ngarambe, kusini mwa mto, kwa Kinjikitile Ngwale, kuchukua dawa ya maji. Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Nandete katika milima ya Matumbi, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita vilikuwa na sababu nyingi. Lakini mwenye kuziandika akiisahau hii ya msimu, habari yake haijatimia.

Mara ya pili ilikuwa wakati wa uhuru. Baada ya gharika ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bondeni wakae vijiji vya ujamaa juu ya ardhi ya mwinuko. Nia ilikuwa njema: kuwaokoa na maji, na kuwapatia shule na matibabu. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Mlau wataka mtu wa karibu, wa kuyaona maji kila asubuhi, na wa kukesha katika dungu akifukuza nguruwe na viboko. Aliyekaa mbali alipata usalama wa nyumba, akapungukiwa na ulinzi wa shamba.

Sasa liko jambo la tatu. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji pale korongoni, kwa ajili ya umeme. Aprili 2024 gharika ilizamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, wilaya mbili zilizokuwa moja. Mto wenye bwawa hausikilizi mvua peke yake. Husikiliza pia milango ya bwawa. Kwa hiyo mkulima wa mlau anahitaji habari mpya: maji yatafunguliwa lini, na kwa kadiri gani. Habari hiyo kwake ni mbegu.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu ni gharika zipi wanazozikumbuka, maji yalifika mti gani, na mahindi yalipandwa siku ngapi baadaye. Yaandikeni katika daftari. Atakayepima mto kwa vyombo vipya atahitaji pia vipimo hivyo vya zamani, maana bonde hili lililishwa kwavyo kabla ya vitabu.