Amri ya Kurudi Nyuma: Historia ya Injini za Meli Zigeuzazo Mwendo, Kutoka Mto Volga Hadi Mbaraki

Mbaraki, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ni mahali ambapo zama mbili za bahari zimekaa ujirani. Pana mnara wa mawe ya matumbawe, unaokisiwa kuwa ni wa mwanzoni mwa karne ya 18, uliojengwa kando ya msikiti wa kale kuliko wenyewe. Na pana gati na karakana za meli juu ya hori ichukuayo jina lilo hilo. Mtu akisimama hapo akaitazama meli ikiingia kutoka bahari kuu, ikapita mlango wa mwamba, ikakata njia ya feri za Likoni zilizoanza kuvusha watu mwaka 1937, kisha ikapita mbele yake kuelekea Kilindini, aghalabu atastaajabia ukubwa wake na shehena yake, wala hatafikiri kwamba fadhila kubwa ya mtambo uliomo ndani, kwa wakati ule, si ile nguvu iliyoisukuma kutoka Bombay au London, bali ni uwezo wa kusimama na kuzunguka kinyume mara tu inapotoka amri ya rubani.

Maana meli haina breki. Ikisha kupata mwendo huendelea nao, na katika mkondo mwembamba kama ule wa Likoni, wenye maji yapandayo na kushuka kwa nguvu, chombo kisichoweza kurudi nyuma ni hatari kwa kila kilicho mbele yake. Kwa hivyo historia ya injini za mafuta baharini, ambayo huhadithiwa kama historia ya nguvu na mwendo wa kasi, kwa hakika ni historia ya kutafuta njia ya kurudi. Na mpaka njia hiyo ilipopatikana, injini ya Rudolf Diesel, pamoja na sifa zake zote, haikuweza kutawala bahari.

Mvuke haukuwa na taabu hiyo. Meli za barua za kampuni ya British India, zilizoanza safari za baina ya Aden na Unguja mwaka 1872, zilisukumwa na mitambo ambayo mvuke wake ulikaa tayari nje ya silinda ukingoja kufunguliwa. Na ilikuwa ni kazi ya vali tu kuamua mvuke uingie upande gani wa pistoni na kwa wakati gani. Ugeuzaji huo ulikuwa umekwisha kufanywa sanaa kamili tangu mwaka 1842, katika karakana ya Robert Stephenson huko Uingereza, na tena mwaka 1844, kwa mkono wa Mbelgiji Egide Walschaerts, ambaye utaratibu wake wa fito na viungo ulikuja kuonekana mpaka kwetu, nje ya magurudumu ya zile gari moshi 34 za Garratt za daraja la 59 zilizoletwa katika reli ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1955, kuvuta mabehewa baina ya Mombasa na Nairobi. Dereva aligeuza mkono mmoja, vali zikabadili zamu zake, na dude zima likarudi kinyumenyume kwa utiifu.

Injini ya kuchoma mafuta ndani ya silinda ni kiumbe cha tabia nyingine. Nguvu yake haiko nje ikingoja mlangoni, bali huzaliwa ndani, kwa mpango wa hatua zifuatanazo ambazo hazikubali kuvurugwa: kuvuta hewa, kuishindilia mpaka ipate moto mkali, kupuliziwa mafuta yakawaka na kuisukuma pistoni, kisha kutoa moshi. Vali za kazi hii hufunguliwa na nundu zilizochongwa juu ya mhimili wake, yaani kamshafti, na kila nundu imewekwa kwa pembe yake maalumu. Lau injini ya namna hiyo ingezungushwa kinyume bila ya nundu kubadilishwa, ingevuta hewa kwa bomba la moshi na kuitoa kwa mlango wa hewa safi, na mafuta, ambayo yalikusudiwa kuingia kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, yangeingia ilhali pistoni imekwisha kuanza kushuka. Injini ingekuwa inazunguka, walakini isingefanya kazi.

Ndiyo sababu vyombo vya kwanza vilivyotiwa injini ya dizeli, ambayo majaribio yake yalifaulu huko Augsburg mwaka 1897, vililikwepa jambo hili badala ya kulikabili. Mwaka 1903 ndugu wa ukoo wa Nobel, waliokuwa na biashara kubwa ya mafuta ya Urusi, waliteremsha katika njia za maji za mto Volga chombo kilichoitwa Vandal, chenye injini tatu za nguvu za farasi 120 kila moja. Na madhali injini hizo hazikuweza kugeuka, kila moja ilizungusha dainamo, na umeme wake ukazungusha mota ya rafadha, ambayo kuigeuza ni jambo jepesi. Mwaka ule ule, katika mifereji ya Ufaransa, chombo kidogo kilichoitwa Petit-Pierre kilifuata njia nyingine: injini iliendelea kuzunguka upande mmoja, na mapanga ya rafadha ndiyo yaliyogeuzwa pembe. Mwaka uliofuata, katika chombo cha Sarmat, pia cha akina Nobel, ulitumiwa utaratibu wa Mtaliano Del Proposto, ambao uliunganisha injini na rafadha moja kwa moja kwa kwenda mbele, na kuuachia umeme kazi ya kurudi nyuma peke yake.

Njia zote hizo zilikuwa ni za werevu, lakini kila moja ilikuwa na gharama yake. Umeme ulitaka mitambo miwili badala ya mmoja, na sehemu ya nguvu ilipotea njiani. Mapanga yenye kugeuka yalitaka viungo vingi ndani ya kitovu cha rafadha, mahali ambapo fundi hawezi kupafikia mpaka chombo kipandishwe gudini. Kwa hivyo mafundi walirudi kwenye asili ya jambo, wakauliza kama injini yenyewe haiwezi kufundishwa kwenda pande zote mbili. Jawabu lilipatikana karibu kwa wakati mmoja mahali kadhaa. Kampuni ya Sulzer ya Winterthur, Uswisi, iliunda mwaka 1905 injini ya mipigo miwili yenye kujigeuza, na ikaionyesha katika maonyesho ya Milan mwaka 1906. Na huko Stockholm mhandisi Jonas Hesselman alifanya kazi kama hiyo kwa injini zilizojulikana kwa jina la Polar, ambazo mojawapo, ya nguvu za farasi 180, ndiyo iliyotiwa katika chombo Fram alichokwenda nacho Roald Amundsen katika bahari ya barafu ya kusini mwaka 1910.

Katika injini za mipigo minne hikima iliyoshinda ilikuwa ni ya kuweka nundu mbili kwa kila vali, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, zikiwa ubavu kwa ubavu juu ya kamshafti moja. Ilipotakiwa kugeuza, magurudumu madogo yanayokaa juu ya nundu yaliinuliwa kwanza, kisha kamshafti nzima ikasukumwa kwa urefu wake kadiri ya upana wa nundu moja, magurudumu yakateremshwa tena, na kila vali ikajikuta chini ya sharia mpya. Injini ya silinda nane, yenye vali nne za kuendeshwa kwa nundu katika kila silinda, yaani ya hewa, ya moshi, ya mafuta na ya kuanzishia, ilihitaji nundu 64, nazo zote zilikuwa lazima zihame pamoja kwa mwendo mmoja.

Mwezi wa Februari 1912 meli ya Selandia, iliyoundwa na Burmeister & Wain wa Copenhagen, ilianza safari yake ya kwenda Bangkok, ikiwa na injini mbili za silinda nane za namna hiyo, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,250. Haikuwa na dohani, na watu wa bandarini waliiona kama kioja. Lakini alipoizuru meli hiyo huko London Winston Churchill, aliyekuwa wakati ule mkuu wa idara ya manowari ya Uingereza, ilikuwa ni dhahiri kwa wenye maarifa kwamba mvuke umepata mshindani. Jambo moja la kulifikiri ni kwamba Selandia isingethubutu kuingia katika mto Thames lau injini zake zisingejua kurudi nyuma.

Kilindini, ambako magati ya maji marefu yalijengwa kuanzia miaka ya 1920, haikukawia kuzipokea meli za ukoo huo. Dunnottar Castle ya kampuni ya Union-Castle, iliyoundwa na Harland & Wolff wa Belfast mwaka 1936, ilizunguka Afrika kwa injini za dizeli za utaratibu wa Burmeister & Wain; na kuanzia mwaka 1952 Africa na Europa za Lloyd Triestino zilikuja kutoka Trieste kwa dizeli vile vile.

Na tuteremke sasa katika chumba cha mitambo cha meli ya namna hiyo inapokaribia gati, maana wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na amri zote zitokazo juu hatima yake ni huko chini. Kengele ya telegrafu inalia, na mshale wake unasimama kwenye neno la kurudi nyuma polepole. Injinia anajibu kwa kuupeleka mshale wake mahali pale pale, anayakata mafuta, na anangoja; kwa kuwa rafadha haisimami papo hapo, bali huendelea kuzungushwa na maji ambayo meli inayapasua. Mkono wa kugeuzia unahamishwa, na mafuta mengine, yasiyo ya kuchomwa, yaliyoshindiliwa kwa kazi hiyo, yanaisukuma kamshafti mpaka ifike kikomo chake na kufungwa hapo. Ndipo hewa ya kuanzishia, iliyowekwa katika matungi makubwa kwa mkandamizo wa karibu kilo 30 kwa kila sentimita mraba, inafunguliwa kwa kishindo kisikiwacho meli nzima, ikiingia silinda baada ya silinda kwa zamu iliyo kinyume cha ile ya mwanzo. Kwanza hewa hiyo huwa breki, kwa sababu inaikabili pistoni inayopanda. Kisha mhimili unasita, unasimama, unaanza kwenda upande wa pili, na injinia anarudisha mafuta. Saa ya kila amri huandikwa daftarini, ili ikitokea ajali ijulikane nani alisema nini na nani alitii wakati gani.

Sanaa hii ina miiko yake. Mtambo umefungwa kwa makufuli yasiyoruhusu hewa kuingia kabla kamshafti haijamaliza kuhama, wala mafuta kuingia ikiwa injini inazunguka upande usiolingana na amri. Na vyama vya kukagua meli vimeweka sharti kwamba matungi ya hewa ya injini yenye kujigeuza yatoshe kuianzisha mara 12 mfululizo, kwa kupokezana mbele na nyuma, bila ya kujazwa tena, ilhali kwa injini isiyojigeuza mara 6 zatosha. Sharti hilo lina maana kubwa: rubani mwenye pupa, anayetoa amri nyingi bila ya haja, anaila akiba ya hewa ya chombo, na meli iliyokwisha hewa katikati ya mkondo haina tofauti na jahazi lililokosa upepo karibu na mwamba.

Wakati ulipokwenda, injini za mipigo miwili zilitawala katika meli kubwa, nazo zilirahisisha mambo, kwa kuwa hewa yake huingia kwa matundu ya ubavuni mwa silinda yasiyojali upande wa mzunguko, na kilichobaki kugeuzwa zaidi ni wakati wa mafuta na zamu ya hewa ya kuanzishia. Majahazi na mashua zetu zilipotiwa injini zilichukua njia ya gia, ambamo injini huzunguka upande mmoja daima. Na gari moshi za dizeli za English Electric zilizofika katika reli yetu mwaka 1960 zilirudia hikima ile ile ya Vandal, ya kuuachia umeme kazi ya kugeuza. Kisha mwaka 2001 meli ya Gypsum Centennial ilianza kazi kwa injini ya Sulzer isiyo na kamshafti kabisa, ambayo kompyuta ndiyo iamuruyo mafuta na vali. Na katika injini za namna hiyo nundu zilizohangaisha akili za mafundi kwa karne nzima zimeondoka.

Kuondoka kwake ndiko kunakotupasa kufanya hima. Ngome ya Yesu inahifadhi mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mwaka 1697 na kuchimbuliwa miaka ya 1970, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mitambo ya chuma iliyozileta meli Kilindini katika karne ya 20 hukatwa na kuuzwa kwa uzani, na maarifa ya walioiendesha huzikwa pamoja nao. Mombasa ina Chuo Kikuu cha Kiufundi, ambacho asili yake ni ile Taasisi ya Elimu ya Waislamu iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ina karakana za Mbaraki, na ina wazee waliozihamisha kamshafti hizo kwa mikono yao. Basi wenye dhamana ya bandari, ya makumbusho na ya elimu na washirikiane, ipatikane japo kamshafti moja yenye nundu zake mbili mbili, iwekwe mahali ambapo kijana ataweza kuisukuma na kuiona ikihama, na wazee hao waandikiwe waliyoyajua maadamu wangali nasi.